Kesho Sitakusindikiza, Naenda Chanzoni

Mwanangu Lusajo,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Hali yako naijua: umetoka hapa sasa hivi ukiwa umeshiba ugali na maharage, umekwenda kumuaga baba yako mdogo, na mlango umeubamiza kwa nguvu kuliko kawaida. Hali yangu nawe unaijua. Kwa hiyo hilo tuliache.

Nakuandikia kwa sababu tangu jana tukianza kuzungumza tunaishia kupandishiana sauti, na mimi nikipandisha sauti husahau nilichotaka kusema. Wewe ukipandisha sauti unaanza maneno ya chuoni, na hapo hatupati lolote sote wawili. Karatasi haibishani. Nitaiweka juu ya nguo zako kwenye begi, utaisoma ukiwa njiani.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala joto la bondeni, wala wasichana. Ya chandarua utafundishwa na mbu wa huko, na ya wasichana utafundishwa na wasichana wenyewe. Nataka tu kukuambia kwa nini nilikataa hela yako, na kwa nini kesho utakwenda kupanda gari bila mimi.

Kumbuka jana ilivyokuwa. Asubuhi ulikaa jikoni ukimsimulia shangazi yako habari za kazi: mradi wa wazungu, visima huko Ivuna, vya watu na vya ng'ombe. Shangazi akauliza kama watakupa pikipiki, ukasema watakupa, akapiga kigelegele. Halafu ukaanza hotuba yako. Kwamba misaada ya nje imetulemaza. Kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kwamba wanatupa kwa mkono huu na kuchukua kwa ule, na kwamba wewe unaingia humo ili ubadilishe mambo kutoka ndani. Shangazi yako akasema amina, kwa sababu maneno yoyote yakiwa marefu yeye huyajibu amina.

Jioni nikarudi kutoka mtoni na ndoo, goti langu likiwa limevimba. Ukaniangalia, ukaingiza mkono mfukoni.

"Mama, hela ya kujikimu wameshanitumia. Acha niwape vijana wa pale senta kidogo tu. Jumamosi wanapanda chanzoni, wanazoa matope, maji ya bomba yanashuka. Uteseke ya nini?"

Nikasema hapana.

"Hii siyo misaada ya wazungu, Mama. Ni ya mtoto wako."

Nikasema hapana. Ndipo ukasema mimi ni mkaidi kama marehemu baba yako. Ni kweli, ila halikuwa jambo la kusema mbele ya shangazi.

Lusajo, umekulia hapa Mbebe lakini bomba ulilikuta, na watu hawapendi kusimulia mambo ambayo wao wenyewe hawakuyafanya vizuri. Ngoja nikusimulie mimi, maana mkono wangu ulikuwemo.

Kabla ya bomba tulikuwa na mfereji. Babu zetu waliuchimba kutoka kwenye chemchemi ile ya juu, ukazunguka ubavu wa mlima mpaka vijijini. Kila mwaka, maharage yakishavunwa na mvua bado, Mzee Kayange alipita jioni akigonga debe. Maana yake kesho ni chanzoni. Kila nyumba ilitoa mtu mmoja na jembe lake. Wanaume walizibua juu, vijana walifyeka kando ya mfereji, sisi wanawake tulibeba togwa na kuzoa matope kwa karai. Hakuna aliyeandikwa jina. Nyumba ambayo haikutoa mtu haikutozwa kitu wala haikusemwa. Ila kesho yake watu walipika uji, wakaenda nao kwa yule ambaye hakuja, kumpa pole ya ugonjwa.

Fikiria. Umelala zako, umeamua mwaka huu mgongo upumzike. Asubuhi unasikia hodi, na wajumbe wa nyumba nane wako uani na vibuyu vya uji. "Pole sana. Unaumwa nini?" Ukisema kichwa, wanakaa mpaka umalize uji, wanakuuliza kilianza lini. Anakuja na mama mkwe wako. Ukisema huumwi, basi useme wewe mwenyewe ulikuwa wapi. Baba yako alipewa uji huo mara moja, mwaka tuliooana, na mpaka anakufa hakuwahi kukosa kwenda chanzoni tena. Alikuwa akisema ule uji ulikuwa mtamu, na ndiyo maana ulimkaba.

Sasa usije ukaenda kuwasimulia wenzako kwamba zamani tulikuwa peponi. Mfereji ule ulipita katikati ya malisho. Ng'ombe walikanyaga humo, watoto walioga humo, na sisi tulichota humo humo. Kaka yako Ipyana aliugua kuhara wakati wa mvua. Nilimbeba mgongoni kwenda zahanati, na kabla hatujavuka daraja nikahisi mgongo wangu umekuwa mzito kwa namna nyingine. Sijakusimulia hilo kwa sababu sipendi kulisimulia. Mwaka ule, nyumba nyingi hapa zilizika mtoto. Watu wa rika langu mpaka leo wananiita Mama Ipyana, na mimi huitika.

Kwa hiyo wazungu walipokuja kusema wataleta bomba la mserereko, maji yashuke yenyewe bila mashine, yafungwe juu kwenye zege yasiguswe na kwato, mimi sikuuliza wana ajenda gani. Wangekuja na pembe kichwani ningewapokea.

Mhandisi wao alikuwa kijana mrefu tuliyempa jina la Bwana Habari, kwa sababu neno la kwanza alilojifunza lilikuwa habari na alilitumia kwa watu, kwa kuku na kwa mawe. Alifika wakati wa msimu wa kusafisha mfereji. Akapanda nasi siku hiyo na jembe la kuazima, akalima matope mpaka viganja vikatoka malengelenge, akanywa togwa, akaumwa tumbo, kesho yake tukampelekea uji tukicheka. Alikuwa anaumwa kweli, maskini. Nadhani ndiye mtu pekee aliyewahi kuunywa kwa haki.

Alichotutaka kilikuwa kimoja. Wao walete mabomba, saruji na fundi, sisi tuchimbe mtaro. Kama tulivyozoea kufanya kwenye mfereji.

Na tungechimba, Lusajo. Naomba ulielewe hilo. Majembe yalikuwepo na watu walikuwa tayari. Lakini mimi nilikuwa katibu wa kamati ya maji, kwa sababu nilimaliza la saba na mwandiko wangu ulisomeka, na wiki iliyotangulia tulikuwa tumepelekwa semina Itumba. Tuliketi kwenye viti vya plastiki, tukanywa soda, tukasikiliza habari za ushirikishwaji, na jioni tukapangwa mstari tukasaini posho. Sisi wote. Maofisa wa wilaya, dereva, hata jamaa aliyekuja kufunga spika. Nilirudi nyumbani nikiwa na hela ya kukaa, na kukaa nilikuwa nakaa bure maisha yangu yote.

Basi siku ya mkutano wa kijiji mzee mmoja akasimama, akasema mkono mtupu haulambwi. Watu wakaguna kumuunga mkono. Bwana Habari akanong'ona na mkalimani wake, kisha mkalimani akauliza: mbona mfereji mnausafisha kila mwaka na hakuna anayelipwa?

Lilikuwa swali zuri. Mimi ndiye niliyesimama kulijibu.

Nilisema, "Ule mfereji ni wetu. Hili bomba ni lenu."

Nilipigiwa makofi, mwanangu, sijawahi kupigiwa makofi kama yale hata siku ya harusi. Wanawake walipiga vigelegele. Nilikaa chini nikiona raha. Na usidhani kulikuwa na mzee pembeni aliyetikisa kichwa akaona mbali. Hakuna aliyeona mbali. Mzee Kayange mwenyewe alipiga makofi, na siku ya kusaini alikuwa wa kwanza kwenye mstari, ametia wino kwenye kidole gumba kabla hajaambiwa.

Wakalipa. Sijui Bwana Habari aliwaelezaje wakubwa wake, lakini wakalipa. Tulichimba ule mtaro kwa furaha na kwa kusaini. Bati za jikoni unapoweka kahawa yako isinyeshewe zilitoka humo. Sitazibomoa, ni bati nzuri.

Na maji yakaja. Koki moja kanisani, moja shuleni, moja hapa chini ya mparachichi wa baba yako mdogo. Maji meupe, ya baridi, ambayo unaweza kumpa mtoto bila kusali. Mwaka uliofuata ukazaliwa wewe. Ulihara kama watoto wengine wanavyohara, siku mbili tatu, ukapona. Nilikuwa nikikaa macho kukusikiliza unavyopumua, na asubuhi ulikuwa unataka nyonyo. Sikulia nilipomzika Ipyana, nililia wewe ulipopona.

Picha yako uliyozoea kuiona ukutani, ile ya kalenda, ilipigwa hapo kwenye koki ulipoanza kutembea. Watu wa mradi walitaka mtoto anayecheka na maji. Wewe ulikuwa umenuna. Nikakupaka sukari mdomoni ukacheka, wakapiga. Sikuona ubaya wake wakati ule na hata sasa nikiuona ubaya, nauona mdogo. Mtoto alikuwa hai. Wangetaka acheze ngoma angecheza.

Ndiyo maana nikiwasikia kwenye redio wakibishana kama misaada ya nje inajenga au inabomoa, naendelea kuchambua maharage yangu. Wanaosema inajenga hawajakaa hapa baada ya mradi kuondoka. Wanaosema inabomoa, sijui walimzika nani. Mimi nimezaa watoto wawili, mmoja yuko kaburini na mmoja kesho anapanda kosta, na katikati yao kuna bomba la wazungu. Siwezi kulitukana bomba lile. Na siwezi pia kukuficha lilichofanya.

Mradi uliisha kama miradi inavyoisha, kwa pilau na hotuba. Mwaka ule ule, maharage yalipovunwa, Mzee Kayange akapita na debe lake. Asubuhi tulipofika njia panda ya kupandia tulikuwa wachache. Tukasubiri. Wengine wakaja lakini bila majembe, wakasimama na mikono nyuma, wakauliza nani analipa. Nikaenda mimi na wachache hao, tukazoa tulichoweza kwenye ile zege, tukarudi.

Kesho yake Mzee Kayange akapika uji. Alibeba kibuyu akaenda nyumba ya kwanza, kwa kijana wa watu, hodari kabisa, simtaji kwa sababu sasa ni mzee wa kanisa. Mimi nilikuwa nyuma yake.

"Pole, mwanangu. Unaumwa nini?"

Yule kijana hakuona haya hata kidogo. Alijibu kwa heshima kabisa. "Shikamoo, mzee. Siumwi. Nasubiri posho."

Mzee akaniangalia mimi. Mimi ndiye niliyempa yule kijana maneno yake. Bomba ni lao. Kitu cha mtu hakisafishwi bure. Tuligeuka, uji ukapoa kwenye kibuyu, na nyumba ya pili hatukwenda. Hakuna mtu aliyepika uji ule tena hapa Mbebe. Wewe hukuwahi kuuona, na ndiyo maana nakusimulia kama habari za kale, wakati ni mambo ya juzi tu.

Yaliyofuata unayajua. Matope yakapanda, maji yakapungua, tukaandika barua wilayani. Ukaja mradi wa pili, watu wengine, lugha nyingine, kibao kingine. Wakajenga tenki, wakalipa waliochimba, wakaondoka. Tenki likapata ufa. Kibao chao ndicho mlango wa banda la nguruwe wa baba yako mdogo, na nguruwe wale wananenepa chini ya maneno "maendeleo endelevu". Halafu wakaja wengine wakapima, wakatupa fulana, hawakurudi. Nasikia huko kwao serikali imebadili nia na hela zimefungwa. Kila mtu hapa alilalamika siku tuliposikia, tukasema wazungu wametutupa. Chemchemi, mwanangu, haikuwa imehama. Iko pale pale juu, umbali wa mtu kupanda akiwa anapiga hadithi.

Mimi nimechukua muda mrefu kuamka. Miaka yote hiyo nilikuwa nashuka mtoni na ndoo, nikipita chini ya bomba kavu nililolisemea. Kilichoniamsha ni goti. Lingekuwa zima labda ningekuwa nashuka bado na kunung'unika.

Tangu Pasaka nimekuwa nikipita nyumba hadi nyumba. Sikuitisha mkutano, mikutano inataka viti. Nimekaa majikoni, nimesema: Jumamosi baada ya mavuno ya maharage, chanzoni, kila nyumba mtu mmoja na jembe lake. Togwa nitapika mimi. Wengi wamenijibu "tutaona, Mama Ipyana", na wewe unajua tutaona ya hapa kwetu ina uzito gani. Wachache wamesema ndiyo huku wakiangalia pembeni. Mama mmoja alinishika mkono akasema hata yeye amechoka na ndoo. Hiyo Jumamosi ni kesho. Niliipanga kabla hujapigiwa simu ya kazi, na sikuihamisha.

Na sasa nikuambie neno lililoniuma, ambalo jana sikuweza kulisema. Siku ile habari zako zilipoenea, nilipita kwa Mtafya, jirani yetu wa juu, kumkumbusha. Alikuwa ameshanikubalia. Akacheka, akasema, "Sasa mama, tujitese ya nini? Lusajo si ameingia kwa wazungu? Atatuletea mradi."

Hujafika hata kazini. Hujavuka Tunduma. Tayari umeshakuwa mradi.

Ndipo jana jioni ukatoa hela. Ulitaka goti langu lipone, najua. Ulinihurumia, na nilipoona mkono wako unaingia mfukoni nilitaka kulia, kwa sababu ni mkono wa mtoto mwema na kwa sababu nilikuwa nimechoka. Ungewalipa vijana wa senta, wangepanda, wangezoa, maji yangeshuka. Sibishi. Jumapili ningekunywa maji ya koki. Lakini wale walioniambia tutaona wangekaa majumbani wakisubiri zamu yao ya kulipwa, na mwaka kesho matope yakijaa wangekuuliza wewe. Wewe utakuwa Ivuna na visima vyako. Mimi nitakuwa hapa na sentensi yangu ile ile, safari hii nimeisema kwa hela ya mwanangu.

Asubuhi unasema misaada inalemaza, jioni unatoa msaada. Sikucheki. Ndivyo ilivyo kwa kila mwenye moyo anayemwona mwenzake na ndoo. Hata Bwana Habari nadhani ilikuwa hivyo hivyo. Aliona watoto wanakufa, sisi tukadai posho, angefanyaje? Angesimama kwenye kanuni watoto waendelee kufa? Alilipa. Mimi ningekuwa yeye ningelipa. Nakuambia ili usije ukaenda huko ukidhani ubaya uko kwa wanaotoa tu au kwa wanaopokea tu. Nimekaa upande mmoja tu wa meza hiyo, wewe unakwenda kukaa upande wa pili, na huko sijafika, kwa hiyo utanisimulia.

Ivuna penyewe nilifika mara moja, nikiwa msichana. Nilikwenda na mama yangu mdogo kununua chumvi ya kuja kuuza huku juu. Tulifika jua kali, tukawakuta akina mama wanapika chumvi. Wanakwangua udongo wa magadi, wanautia kwenye chungu chenye matundu, wanamwagia maji, yale maji ya chumvi yanadondoka chini, kisha wanayachemsha mpaka inabaki nyeupe. Nilikuwa na kiu na njaa na uso wa kuomba. Mama mmoja mnene akanitazama, akanionyesha kwa kidole rundo la kuni upande wa pili wa uwanja. Sikujua lugha yake. Nikaenda nikabeba kuni, nikarudi, nikabeba tena. Mara ya tatu akanipa viazi na donge la chumvi, tukala naye huku akinicheka nilivyotokwa jasho. Hakunipa kabla. Mgeni siku mbili, wanasema, siku ya tatu mpe jembe, lakini yule mama hakuwa na muda wa kusubiri siku ya tatu.

Nilichukia safari ile yote. Leo nadhani ndiye mtu aliyenipokea vizuri kuliko wote walionipokea ugenini, kwa sababu nilipoondoka nilikuwa najua kuni zao ziko wapi. Sikuwa mtu wa kuhurumiwa pale, nilikuwa mtu wa kuni.

Huko utawakuta wafugaji waliohamia na ng'ombe wao, na wenyeji wenye chumvi yao, wengine wanaswali msikitini na wengine kanisani, na wote wanapata maji mahali fulani hata sasa, la sivyo wangekuwa wamekufa. Kabla hujafungua zile karatasi zako, waulize wanachimbaje visima vyao vya mchangani wakati wa kiangazi. Nani anagonga debe? Asiyekuja wanamfanyaje? Lazima wana uji wao, sijui wanauitaje. Ukiupata huo uji, mwanangu, tembea polepole usiumwage. Mimi nilikuwa nao nikaumwaga kwa sentensi moja, na nikapigiwa makofi.

Na siku wakikudai posho, maana watakudai, wameshapita wengine mbele yako, sijui utawajibu nini. Kweli sijui. Nimefikiria wiki nzima nikitafuta jibu la kukuwekea kwenye begi na sikulipata. Nilichokuwekea ni jembe. Liko chini kabisa, nimelizungushia gazeti lisitoboe mashati. Sikukutilia mpini. Mpini utaukata huko huko, utaomba mtu akuonyeshe mti unaofaa, na akikutaka umbebee kuni kwanza, mbebee.

Hela yako nimeirudisha kwenye mfuko wa pembeni wa begi. Ukipata mshahara nitumie ya dawa ya goti, hiyo nitapokea bila hotuba, maana goti ni langu na wewe ni wangu.

Nakusikia unaongea barabarani na baba yako mdogo, unarudi, acha nimalize.

Kesho gari litapita hapa asubuhi. Mimi nitakuwa nimeshapanda na karai na togwa. Ukifika kwenye kona ile ya chini ya mlima, kaa dirisha la kushoto uangalie juu. Chanzo kinaonekana pale kabla barabara haijageukia Tunduma. Ukiona watu wamejaa kwenye ule ubavu, mwambie dereva apige honi ndefu, nitajua ni wewe, na nitawaambia wote kwamba anayepiga ni mwanangu.

Ukiniona niko peke yangu, usishuke. Nakuomba, usishuke. Moyo utakuuma, na wangu utauma kuliko wako, lakini pita na kazi yako inakungoja. Mimi nitazoa nitakachoweza mpaka jua liwe kali, nitarudi taratibu. Na Jumapili baada ya ibada nitapika uji kwenye lile sufuria la msiba, nitaanza kwa Mtafya, niende nyumba hadi nyumba nikiwapa pole wagonjwa.

Mama yako,
Tusekile